Hata hakunigusa mkono

Nimekaa na hasira hii tangu mvua za masika, na leo naitoa. Kliniki yenyewe iko karibu na Barabara ya Ngong, jina naliacha. Ukiumia kifundo cha mkono, usiende pale.

Niliteleza nikishuka matatu, nikajizuia kwa kiganja cha kulia. Mimi ni fundi wa nguo. Uvimbe uliisha baada ya wiki mbili hivi, lakini kila nikikaza mkasi kwenye jinzi au nikigeuza ufunguo mlangoni, kitu kinalia "ta" upande wa kidole cha mwisho na maumivu yananipanda hadi kwenye kiwiko.

Daktari aliitazama eksirei. "Mama, mifupa ni mizima. Nenda upumzike." Nikamwambia, "Daktari, panauma hapa," nikimwonyesha. Hakugeuka. Nikaulaza mkono wangu mezani kwake, ukakaa pale kati ya kalamu na simu yake, na hakuugusa. Akaita anayefuata.

Labda namwonea. Foleni ilifika nje, na dada aliyenipiga picha alinishika kwa upole sana. Tena ni kweli, mfupa haukuvunjika, hapo sikudanganywa. Lakini eksirei haionyeshi gegedu, ile nyama ngumu inayonyumbuka kwenye viungo vya mifupa, wala kano! Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane iliyoshikanishwa na kano, na kinachoweza kuchanika hapo bila mfupa kuvunjika ni kingi. Yeye alisomea hayo, mimi nimesomea cherehani.

Miezi ikapita nikikata vitambaa kwa mkono wa kushoto. Sare moja ya shule niliikata ikaenda upande, nikailipa kutoka mfukoni mwangu.

Daktari wa pili, kule Parklands, ni mama mtu mzima. Kabla hajauliza picha iko wapi, alikuwa ameshaushika mkono. Aliubonyeza kwa ncha ya kidole kwenye kishimo kilicho kando ya kile kifupa kinachotokeza upande wa kidole cha mwisho, nikaruka kitini. Akabonyeza na upande wa gumba, akaugeuza huku na huku, akaulinganisha na wa kushoto. Dakika tano tu. Akasema anashuku gegedu la pembetatu, lile linalokaa kati ya mfupa huo na vifupa vya kifundo. Akaniandikia MRI, picha ya mashine ya sumaku inayoonyesha hata gegedu na kano, na akasisitiza niulize kwanza kama wana koili ya kifundo cha mkono, kile kifaa kinachovishwa kiungo ndani ya mashine, kwa sababu kikubwa cha sehemu nyingine hakitoi picha kali ya kiungo kidogo hivi.

Nilikopa kwenye chama. Nililala kifudifudi, mkono umenyooshwa mbele kama mtu anayeogelea, bega likiwaka moto, nisithubutu hata kukohoa. Jibu: gegedu limechanika pembeni. Daktari akasema afadhali, pembeni damu inafika, huenda likashika bila kushonwa. Akanifunga banzi. Lisiposhika, ataingiza kamera ndogo ndani ya kiungo aone mwenyewe, maana hata MRI hukosa mambo.

Ile kliniki ya kwanza, basi, kama unahofia mfupa tu, nenda, picha zao ni safi na hawachelewi. Lakini nikiukumbuka mkono wangu umelala pale mezani, kati ya kalamu na simu... Hapana. Usiende.