Kamera ya Kuingia Nayo Kirumba: Bomba Jeupe, Lenzi Nyeusi au Kidude cha Mfukoni?

Mwadila wadau, karibuni tena mezani. Kila Pamba Jiji wakipangiwa Simba au Yanga pale CCM Kirumba, simu yangu inajaa swali lile lile: "Kaka, nikija na kamera, getini watanipitisha?" Leo nalijibu kwa vitu vyenyewe, viko hapa mbele yenu. Na jibu naliweka mapema, mwenye bando dogo asipate shida: unaponunua lenzi ya kwenda nayo uwanjani, mfikirie kwanza anayekupekua, mshambuliaji baadaye.

Tuanze na hili bomba jeupe. Ni lenzi ya Canon, milimita 70 hadi 200 (hizo ni za uwezo wa kuvuta karibu, siyo urefu wake), f/2.8, yaani tundu lake linafunguka sana na kuingiza mwanga mwingi; namba hiyo ya f ikipanda, mwanga unapungua. Wale wapiga picha wa magazeti mnaowaona wamechuchumaa nyuma ya goli, wengi wana hii au ndugu yake wa Nikon na Sony. Ngoja niisogeze muione. Urefu sentimita 20 kasoro kidogo, uzito karibu kilo moja na nusu, na hapo bado sijaifunga kwenye kamera. Weupe wake siyo mbwembwe, Canon wanazipaka hivyo lenzi zao kubwa zisishike joto juani, na kwa jua la Mwanza la saa 8 mchana ni jambo la maana. Ila weupe huo huo unaonekana tangu foleni inapoanzia. Mgambo hajui f/2.8 ni mnyama gani, lakini bomba jeupe analijua: "Wewe wa chombo gani? Kitambulisho kiko wapi?" Kama huna, unasogezwa pembeni, na wenzako wanaingia huku unawaangalia.

Na tusimlaumu sana, maana kuna pesa nyuma yake. Mwaka 2021 Azam Media walisaini na TFF mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu, miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Aliyelipa kiasi hicho hataki kuona mtu jukwaani amesimamisha mitambo anarusha mechi mubashara kwenye ukurasa wake. Ndiyo maana stendi ya miguu mitatu hugomewa haraka kuliko hata kamera. Ukitoa stendi kwenye begi, machoni pao umeshakuwa televisheni. Halafu ni chuma kirefu, mashabiki wakichafukwa kinageuka kuwa kitu kingine kabisa. Iache nyumbani, pamoja na ile ya mguu mmoja. Droni ndiyo usiitaje, hiyo hapa nchini ina vibali vyake vya mamlaka ya anga, TCAA, na vya jeshi pia.

Wenzetu ng'ambo mambo haya wameyaandika kabisa. Kwenye tenisi pale Wimbledon, mtazamaji haruhusiwi kuingia na lenzi inayovuka milimita 300. Olimpiki ya London 2012 walikataza vifaa vikubwa vya picha vinavyozidi sentimita 30. Marekani, viwanja na kumbi nyingi zinakataa kamera ya lenzi za kubadilisha, na ligi yao ya NFL tangu 2013 inataka begi linaloonyesha ndani, inchi 12 kwa 6 kwa 12. Kamera yenyewe unaweza kuingia nayo, lakini begi lake la kamera hapana, sasa sijui wanaining'iniza shingoni mechi nzima. Na huo mtindo wa begi la kuonyesha ndani ukifika huku itakuwa kichekesho, maana sisi rambo, mifuko ya plastiki, tulishaziaga tangu Juni 2019.

Kwa kipimo cha London, bomba hili likifungwa kwenye kamera na kile kikofia chake cha kuzuia jua kikiwa mbele, limeshapita sentimita 30. Kirumba, kwenye mechi ya kawaida ya ligi, hakuna atakayekutolea rula. Sheria iko machoni kwa anayekupekua, na macho hayo yanaangalia urefu wa lenzi na ukubwa wa begi. Megapikseli hazimhusu.

Sasa njooni kwenye hii ndogo nyeusi, ambayo kwangu ndiyo yenyewe. Canon EF-S 55-250 STM, ilitoka 2013. Gramu 375. Urefu sentimita 11 ikiwa imejikunja. Oneni, inatosha kwenye kiganja. Inafungwa kwenye zile kamera za kawaida za Canon ambazo wengi mnazo, akina 700D, 250D na wenzake, na kwa sababu sensa za kamera hizo, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo, milimita 250 inakuvuta karibu kama 400 inavyovuta kwenye kamera kubwa za fremu nzima, zenye sensa kubwa.

400 ni nini ukiwa Kirumba? Tupige hesabu. Uwanja wa kawaida wa kimataifa ni mita 105 kwa 68. Umekaa jukwaani, winga anakimbia na mpira upande wa pili, tuseme mita 60 kutoka ulipo. Kwa 400, fremu yako hapo ina upana wa mita 5 na nusu hivi na kimo cha mita 3.6. Mchezaji wa mita 1.8 anakula nusu ya kimo, na beki anayemkaba anabaki ndani ya picha. Hiyo ni picha ya kuposti, ya kuchapisha, hata ya kumuuzia mchezaji mwenyewe. Bomba jeupe kwenye kamera ya fremu nzima, kwa 200 yake, mchezaji huyo huyo anakula robo tu. Lenzi ya bei chee inamleta mchezaji karibu kuliko lenzi ya bei ya pikipiki. Nyeupe inatamba mwanga ukipungua, na kwa wanaoruhusiwa kukaa chini karibu na mstari.

Sasa mwanga, maana ndiyo kidonda cha hii ndogo. Ukivuta mpaka 250 inafunguka f/5.6, basi. Mechi ya saa 10 jioni, kipindi cha kwanza jua lipo, unaweka shata 1/1000, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, unapiga unavyotaka. Kipindi cha pili kivuli kimeshalala kwenye nyasi, au wingu limepanda kutoka ziwani. Hapo ISO, usikivu wa kamera kwa mwanga, ukiipandisha 800 inakubeba, na kamera hizi kwa 800 bado picha ni safi. Dakika za mwisho unapanda 1600 na zaidi, chenga, vile vipunje kwenye picha, zinaanza, unavumilia. Mechi ya usiku kwa lenzi hii sikushauri.

Kuna kitu getini kinawaponza wengi. Angalieni: nikizungusha kuvuta, mdomo unatoka mbele, inakuwa ndefu. Nikiweka na kikofia cha jua, ndefu zaidi. Sasa nakunja mpaka 55, kikofia nakigeuza nyuma. Lenzi ile ile, lakini sasa aliyeishika anaonekana mtu aliyekuja kumpiga picha mtoto wake. Ukifika kwa afande, kamera iwe mkononi na imewashwa. Wakaguzi wanapenda kuhakikisha kamera ni kamera. Akikuambia piga, piga picha hapo hapo umuonyeshe kioo. "Shikamoo afande" kwa mkubwa, "za kazi" kwa rika lako. Usiwe yule wa kuanza kumsomesha sheria wakati nyuma yako kuna watu mia wanasukuma. Na usifiche lenzi ndani ya koti au chini ya kitenge cha dada yako. Ikionekana hapo hata ile ambayo ingepita haitapita.

Kidude cha mfukoni nitakipitia haraka. Canon SX740 HS, ya mwaka 2018, gramu 299. Getini hakuna anayekiangalia mara mbili. Kinavuta mara 40, mpaka sawa na milimita 960. Kwa mita zile zile 60, kimo cha fremu kinakuwa mita moja na nusu, yaani mchezaji anakatwa kichwa au miguu, kwa hiyo nguvu ipo hadi ya kumwaga. Lakini sensa yake ni punje ya mchele, na kwa mvuto wa mwisho inafunguka f/6.9. Jua kali, safi kabisa. Saa 11 na nusu jioni, picha ni uji. Halafu hakina tundu la kuchungulia, unategemea kioo cha nyuma, na jua la jioni likikupiga usoni humuoni mchezaji wala mpira. Kwa shabiki anayetaka kumbukumbu na sherehe ya goli, kinatosha. Kwa anayejifunza kazi, hapana.

Mtauliza kamera ya Sony RX10 IV. Ni nzuri, naikubali, milimita 24 hadi 600 kwenye lenzi moja isiyotoka, hivyo hata kwenye zile kumbi zinazokataa lenzi za kubadilisha ina pa kujitetea. Kilo moja na kidogo. Bei yake ndiyo inayonikalisha chini.

Begi. Hili la mgongoni lenye maandishi makubwa ya kampuni ya kamera, sahau. Linatangaza kwamba ndani kuna mali, kwa mkaguzi na kwa vibaka wa kwenye msongamano. Mimi natumia kibegi cha begani cha kawaida, ndani nimekunja taulo, kamera, lenzi moja, betri moja ya akiba, memori kadi. Hakuna chupa ya maji. Zipu inafunguka mara moja, mkaguzi anaona kila kitu bila kuchokonoa. Kuna uwanja mmoja, siutaji, nilimuona kijana amefika na lenzi nne na stendi. Wakamkatalia, na hakukuwa na sehemu ya kuhifadhi vitu. Akamwachia muuza soda. Kipindi chote cha kwanza alikuwa anachungulia geti badala ya mpira.

Kama wewe ni wa kazi, unataka nyeupe na unataka kukaa chini, njia siyo geti la mashabiki. Wasiliana na ofisa habari wa klabu mwenyeji siku kadhaa kabla, siyo asubuhi ya mechi, na uwe na kitambulisho chako cha uandishi kilicho hai. Ukipewa kizibao, kivae kabla hujafika getini. Blogu yako yenye wafuasi wengi haimhusu mtu wa mlangoni.

Na tunaelekea AFCON 2027, sisi, Kenya na Uganda. Wa Kanda ya Ziwa wengi mtakwenda Arusha, na wengine mtakatiza Bukoba na Mutukula mpaka Kampala. Mechi za CAF siyo za ligi, pale ukaguzi ni wa orodha na mashine. Soma masharti yanayotolewa pamoja na tiketi kabla hujafunga begi. Mwenye kupanda ndege hapa Mwanza, betri za akiba na pawa benki ni za mkononi, siyo kwenye mzigo wa chini, na kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Pawa benki ya mAh 20,000 ni kama 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, hiyo utabishana nayo.

La mwisho, mnaonunua 55-250 ya mtumba. Tukikaa karibu na ziwa hivi, ukungu wa kuvu ndani ya lenzi ni ugonjwa wa kawaida. Muuzaji akikupa, toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, chungulia kwa mbele huku unaigeuza taratibu. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, mrudishie, hata akishusha bei. Kisha ifunge kwenye kamera, washa, sikiliza: mota yake ya STM inapotafuta fokasi, sauti yake ni ndogo sana, kuisikia ni kazi. Ikikwaruza, hiyo ilishaanguka. Niandikieni hapo chini mnatumia nini, na wa Bukoba na Musoma semeni huko kwenu mageti yakoje.