Moodle kwa wanafunzi wanaolala porini: maoni ya mwalimu wa Arusha

Nafundisha waongoza watalii katika chuo kidogo maeneo ya Njiro, na mfumo wetu wa masomo ya mtandaoni, uitwao Moodle, uko mikononi mwangu. Walimu wenzangu wa hapa Arusha na wa Moshi huniuliza tunatumia nini. Nikijibu "Moodle" peke yake siwasaidii, maana Moodle ukiifunga ilivyo na kuiacha, itakuchosha na wanafunzi wataikimbia. Ukiitengeneza kwa kuwafikiria wanafunzi ulio nao, sijaona ya bure inayoizidi.

Wanafunzi wetu sehemu kubwa ya mwaka hawapo darasani. Kuna wapagazi wa Kilimanjaro wanaotaka cheti cha uongozaji, kuna wapishi wa kambi, kuna madereva wa magari ya watalii waliochoka kuendesha bila kuulizwa jina la ndege aliyetua barabarani. Tangu shirika la simu la TTCL lilipofikisha intaneti kambi ya Horombo, mita 3,720, Agosti 2022, wanaopita njia ya Marangu wamepata nafuu. Lakini wengi wanapanda kwa Machame, na Serengeti peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 14,000. Kwa hiyo programu yoyote ninayoletewa naiuliza kwanza jambo moja: mtandao ukikatika, mwanafunzi wangu anabaki na nini mkononi?

Hapo ndipo Google Forms iliposhindwa kwetu kwenye majaribio. Ni nyepesi, kila mtu anaijua, na kwa dodoso la haraka sina neno baya. Ila ukurasa wake unataka mtandao ili ufunguke, na unautaka tena ili majibu yaende. Aliyeko Seronera, katikati ya Serengeti, akikosa mtandao hana la kufanya nayo.

Programu ya simu ya Moodle inafanya kazi tofauti. Mwanafunzi akiwa mjini, kwenye Wi-Fi ya chuo, anapakua kozi nzima: maelezo, picha, sauti na majaribio. Akishafika porini anasoma na kujibu, majibu yanakaa ndani ya simu, na mtandao ukirudi yanapelekwa kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo wetu. Kijana wetu mmoja mpagazi alinipigia akiwa ameshafika chini: "Shikamoo madam. Ile testi nimeifanya Barafu usiku, nimeshuka Mweka nimebonyeza, imekubali." Nilifungua kompyuta nikaikuta, maswali yote yamejibiwa. Barafu ni kambi ya mita zaidi ya 4,600, mahali watu wanapolala saa chache kabla ya kuanza safari ya kileleni. Mtu anayefungua masomo pale anastahili programu isiyompotezea kazi yake.

Sijaona ajabu niliposoma historia yake. Aliyeianzisha, Martin Dougiamas, alikulia jangwani Australia Magharibi, na masomo yake ya utotoni yalikuwa ya redio: mwalimu yuko mbali, sauti inakuja kwa masafa mafupi, vifaa vya shule vinaletwa kwa ndege. Toleo la kwanza la Moodle lilitoka 2002, na hadi leo msimbo wake uko wazi, hulipii leseni.

Sasa yale ambayo fundi hakuambii. Jaribio halifanyiki nje ya mtandao mpaka uende kwenye mipangilio ya jaribio lenyewe na kuruhusu, moja baada ya jingine. Hata ukiruhusu, kuna masharti. Ukiweka kikomo cha muda, kwa mfano dakika 30, programu itakataa kulifungua bila mtandao. Ukilifunga lifanyike kwenye mtandao wa chuo tu, itakataa. Na lazima uchague utaratibu wa kuonesha usahihi wa majibu baada ya kukabidhi, siyo ule wa kumsahihisha papo kwa papo. Walimu wengi hubonyeza kila kitu kinachoonekana kizuri, halafu wanailaumu simu ya mwanafunzi. Sisi majaribio ya mazoezi hatuyawekei muda kabisa. Mtihani wa kweli unafanyika chuoni, tukiwa tunaonana.

Jambo jingine la kuwaambia wanafunzi kwa mkazo: majibu yakiwa bado ndani ya simu, usiiondoe programu. Wenye simu za GB 32 wana tabia ya kufuta programu ili wapate nafasi ya picha, na wakifuta, kazi yote imekwenda na hakuna mahali pa kuirudisha. Tumelibandika onyo hilo ukutani karibu na soketi za kuchajia.

Kuhusu sura yake, Moodle ya zamani ilikuwa mzigo kwa mtu wa simu. Unashuka, unashuka, hujui uko mada gani. Toleo la 4.0 la Aprili 2022 lilibadilisha mpangilio: orodha ya mada iko pembeni na unaifunga unapotaka, na mambo ya kozi yamepangwa kwa vichupo juu. Ni mabadiliko makubwa kuliko yote niliyoyaona tangu nianze kuitumia, na anayeikumbuka Moodle ya kabla ya hapo aijaribu upya kabla ya kuisema. Nashauri ubaki na sura ya Boost inayokuja nayo. Zile nakshi za kununua zinavutia siku ya kuoneshwa mkuu wa chuo, kisha unapandisha toleo, mtengenezaji wake hajaisasisha, na ukurasa wa mbele unavurugika.

Nguvu ya kutengeneza ukurasa iweke kwenye kuupunguza uzito. Picha ya simu ya kisasa ina MB 4 au 5, na mada ya ndege wa Momella ikiwa na picha 20 za namna hiyo, umemla mwanafunzi bando lake kabla hajasoma mstari. Mimi napitisha kila picha kwenye Squoosh, chombo cha bure kinachofanya kazi ndani ya kivinjari. Naipunguza upana hadi pikseli 1,200, naihifadhi kwa WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi, inatoka na KB 150 hivi, na flamingo bado anaonekana mdomo wake mweusi nchani. Nyaraka za PDF zilizoskaniwa nimezipiga marufuku katika kozi yangu. Maandishi yakae kwenye ukurasa wa Moodle wenyewe, yajipange kulingana na kioo cha simu, msomaji asilazimike kukuza na kusogeza huku na huku.

Kitu kilichobadilisha ufundishaji wangu kuliko chochote ni H5P, chombo cha kutengenezea mazoezi. Ilitoka Norway, na tangu Moodle 3.9 ya mwaka 2020 imo ndani, huhitaji kufunga kitu cha ziada. Kampuni nyuma yake ilinunuliwa na D2L ya Kanada mwaka 2024, lakini ile iliyomo ndani ya Moodle inaendelea kuwa ya bure. Inakuwezesha kutengeneza mazoezi ambayo mwanafunzi anayagusa kwa kidole.

Mfano ni nyayo. Nilipiga picha ya tope kando ya ziwa moja la Momella, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, asubuhi baada ya mvua. Kwenye H5P nikaweka alama juu ya ile nyayo: ukigusa mbele ya vidole unaulizwa kama unaona alama za kucha. Zikiwepo, ondoa simba, ondoa chui, kwa sababu hao hukunja kucha zao wanapotembea. Fisi anaziacha. Ukifika hapo linakuja swali la pili: na duma je? Wanafunzi karibu wote huruka, wanasema duma ni wa jamii ya paka, hana kucha kwenye nyayo. Kumbe kucha za duma hujificha nusu tu, zinaonekana. Zoezi la chini yake lina picha mbili za manyoya zilizokatwa karibu sana, bila kichwa wala mkia: madoa meusi yaliyojaa ni duma, madoa yaliyojipanga duara lenye uwazi katikati ni chui. Nimefundisha hayo ubaoni muda mrefu kwa kuchora. Sasa dereva anakaa kwenye gari lake akisubiri wageni wamalize chakula cha mchana, anagusa picha, anakosea, anagusa tena. Wanarudi chuoni na maswali makali kuliko zamani, na hilo linanifurahisha mno.

Tahadhari moja kwenye H5P: ile video yenye maswali katikati, ukiichukua kutoka YouTube, bila mtandao haichezi. Video yetu iwe fupi, imepunguzwa, na ipakiwe yenyewe.

Kwenye fomu, Moodle naipa alama za chini. Kipengele chake cha maoni kinatosha kuuliza kozi imeendaje, basi. Kumbukumbu za mafunzo kwa vitendo tunazijaza kwa KoboToolbox, iliyoanzia Harvard kwa ajili ya watu wa misaada ya kibinadamu. Programu yake ya Android inajaza fomu bila mtandao, na inachukua alama ya mahali kwa GPS, ambayo haihitaji bando. Mwanafunzi akichagua "tembo" linamfungukia swali la idadi na kama kuna ndama. Akichagua "mbega" anaulizwa walikuwa kwenye mti gani. Asiyeona tembo haoni swali la tembo. Fomu inakuwa fupi kwa kila mtu, na watu wanaimaliza. Masharti hayo unayaandika kwenye jedwali la kawaida la Excel kisha unalipakia. Siku ya kwanza inasumbua, baada ya hapo ni rahisi kuliko kuburuta vitu kwenye kioo.

Fomu ya kujiunga na chuo ilikuwa Google Forms mpaka tulipotaka picha ya pasipoti na cheti cha kidato cha nne. Ukiomba faili, Google inamlazimisha mjazaji aingie kwenye akaunti yake, na mpagazi aliyefunguliwa simu na fundi wa pale stendi hajui nenosiri lake la Gmail. Tulipoteza waombaji wazuri hapo, kwa hiyo tukaihamishia nayo Kobo, kwa kiungo cha kawaida kisichotaka akaunti. Wakati tunaihamisha tuliondoa pia namba ya NIDA, jina la kabila na vingine ambavyo hakuna aliyeweza kunieleza vinatumika wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inataka ukusanye kile tu unachokihitaji kwa kazi uliyoitaja. Vyuo vingi hapa mjini bado vinakusanya kila kitu na kukiacha kwenye kompyuta ya mapokezi. Hilo linaniumiza, kwa sababu wanaotupa taarifa hizo wanatuamini.

Tena, mambo ya saa. Moodle inaandika mwisho wa kazi kuwa 20:00, na ukiiacha kwenye mfumo wa Marekani inaandika 8:00 PM. Mwanafunzi anaona nane, anakwenda na saa nane mchana, au anajitokeza usiku wa manane akiuliza kwa nini mlango umefungwa. Weka seva kwenye saa za Dar es Salaam, halafu kwenye maelezo ya kazi andika kwa maneno: "mwisho saa 2 usiku, Ijumaa". Kwenye fomu za Kobo sitaki kabisa mtu aandike saa aliyomwona mnyama. Natoa machaguo: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Data inatoka safi, na kwa tabia za wanyama inatosha.

Tafsiri ya Kiswahili ya Moodle ipo ila haijakamilika, kwa hiyo ukurasa mmoja unakuwa na vitufe vya lugha mbili. Wanafunzi wanazoea, ila mgeni anababaika, na natamani vyuo vyetu vichangie kuimalizia, kwa kuwa mlango wa kuchangia uko wazi kwa yeyote.

Gharama iko kwenye seva na kwa mtu wa kuiangalia. Aliyetufungia mara ya kwanza aliacha bila kuwasha ile kazi ya nyuma inayopaswa kujiendesha kila dakika, mafundi wanaiita cron. Barua pepe hazikutoka, alama zilichelewa, na kila mtu aliamini Moodle ni mbovu. Kabla hujamlipa fundi wako, mwambie akuoneshe imewashwa, anwani yenu ina https, na huduma ya simu imeruhusiwa. Kama una wanafunzi 15 na wote wanakaa mjini, usijisumbue: kundi la WhatsApp na Google Forms vinakutosha.

Sisi tuko kwenye 4.5, iliyotoka Oktoba 2024, kwa sababu ni toleo la muda mrefu na marekebisho yake ya usalama yatakuja mpaka Oktoba 2027. Toleo la 5.0 lilitoka Aprili 2025 na linataka PHP 8.2 (lugha ya programu inayoiendesha Moodle kwenye seva), kwa hiyo uliza kwanza kampuni inayokupangishia seva. Matoleo makubwa siku hizi yanatoka Aprili na Oktoba, na miezi yote miwili haitufai. Aprili ni masika, watalii wachache, wanafunzi wote wako nyumbani na wanasoma kuliko wakati wowote. Oktoba wengi bado wako porini na majibu yao yamo ndani ya simu. Tunasubiri katikati ya Novemba, wakishashuka na kutuma kila kitu. Hapo nachukua nakala ya hifadhidata, ya folda ya faili na ya msimbo wenyewe, naziweka kwenye diski ya nje, ndipo naanza.