Kompresa ya mtumba au friji bovu zima?

Friji la zamani likifa kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza, kuna njia mbili za kulifufua kwa vipuri vilivyotumika: kununua kompresa peke yake kwa fundi, au kununua friji bovu zima la aina ileile na kulichinja.

Kompresa peke yake ni rahisi kuibeba, lakini inadai ukaguzi. Soma kibandiko kwanza. Ya gesi ya R134a haiwekwi badala ya R600a: mafuta yake ni tofauti, na R600a inashika moto, kwa hiyo usikubali kubahatishiwa. Kisha fundi apime kwa mita ukinzani wa umeme kati ya pini zake 3, mbilimbili. Vipimo viwili vidogo vikijumlishwa vilingane na kile kikubwa, na pini yoyote isiwe na mawasiliano na gamba la chuma. Mirija ikiwa imeachwa wazi, kompresa hiyo iache hapohapo. Mafuta yanavuta unyevu, hasa ya R134a, na mimi singeichukua hata kwa bei ya kutupa.

Friji zima linataka nafasi na gari la kulibeba. Ila linakuletea vitu ambavyo dukani ni shida kuvipata: raba ya mlango yenye kipimo kilekile, bawaba, droo, thamostati. Lililotupwa kwa sababu ya kutu au mlango uliovunjika ndilo la kugombania. Liwashwe mbele yako kabla hujalipa.

Kwa friji la R12, gesi iliyoondolewa sokoni kwa Itifaki ya Montreal ya 1987, ningechukua zima, kwa ajili ya raba na bawaba tu.