Jeshi na Mazungumzo: Tukitazama Kutoka Ukingo wa Ruvuma

Kwetu Mtwara suala la vita na diplomasia si la mbali, kwa kuwa ng'ambo ya Mto Ruvuma ni Msumbiji, na mtumbwi uleule unaovusha magunia ya mahindi huvusha pia watu wenye ndugu kingo zote mbili.

Nguvu za kijeshi huleta matokeo ya haraka. Agosti 2021 majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliukomboa mji wa Mocímboa da Praia, uliokuwa mikononi mwa waasi kwa takribani mwaka mzima, na nakiri kwamba hakuna mjumbe ambaye angeupata kwa maneno. Hata hivyo, mashambulizi hayakukoma. Yalihamia wilaya nyingine za Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji ulimo mji huo.

Diplomasia hukawia, na kukawia huko hugharimu maisha. Mazungumzo ya FRELIMO, chama tawala cha Msumbiji, na RENAMO, kundi la waasi lililopigana nacho, yalianza mjini Roma mwaka 1990, na mkataba ukatiwa saini tarehe 4 Oktoba 1992, baada ya miaka 16 ya vita vilivyochochewa kwanza na Rhodesia, kisha na utawala wa makaburu wa Afrika Kusini. Kwa maoni yangu meza ile ilifanya kazi kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zimechoka, ukame umekausha mashamba, na wafadhili wa nje wamejitoa. Mwaka 1994 ulifanyika uchaguzi wa vyama vingi, na wakimbizi zaidi ya milioni moja wakarejea kwao, jambo ambalo bunduki haikuwahi kulifanya.