Uzoefu wangu na machujio ya hewa ya pikipiki Mombasa: kagua ukingo kabla ya kuuliza bei

Kwa pikipiki ya kabureta ya cc 100 hadi 150 inayopiga kazi hapa Mombasa, mimi nachagua eakilina, yaani chujio la hewa, ya sponji, iliyopakwa oili, ikae kwenye fremu yake ya asili ndani ya sanduku ambalo halijatobolewa. Za karatasi na za pamba nimezitumia pia, na nitaeleza zinapofaa na zinapokwama. Lakini kitu ninachoona watu wanakipuuza dukani ni ukingo wa chujio, kuliko hata aina yake. Hewa hufuata njia nyepesi. Ikipata mwanya wa nusu milimita pembeni itapita hapo na kuiacha sponji, na vumbi litapita pamoja nayo. Unaweza kununua chujio ghali kuliko yote dukani na injini ikaendelea kula vumbi.

Vumbi la Mombasa si la aina moja. Lile jeupe la matumbawe na chokaa ni laini kuliko chuma; kazi yake kubwa ni kuziba chujio. Mchanga wa barabara za ndani kule Utange, Mtongwe au ukipanda kuelekea Mazeras ni habari nyingine, chembe zake ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikikaa kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda zinakula vyote viwili, kompresheni inashuka, piki inaanza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu. Ukifika hapo hakuna chujio litakalokuokoa, ni kufungua injini. Juu ya vumbi weka chumvi na unyevu wa bahari, vinavyoshikisha kutu ule wavu wa chuma unaobeba sponji. Kutu ikibanduka, vipande vyake viko upande wa ndani wa chujio, na njia yao ni moja tu: kwenye kabureta.

Unapokwenda kununua sponji, beba ile kuukuu pamoja na fremu yake. Zipange mbili ubavu kwa ubavu, ulinganishe unene na urefu. Ikiwa mpya ni nyembamba hata kwa milimita mbili tatu, fremu haitaibana na ukingo utakuwa wazi. Kisha ifinye kwa vidole na uiachie: sponji nzima inarudi papo hapo. Ikibaki na shimo la kidole, au ikiacha unga kwenye ngozi, imeoza. Joto na unyevu huozesha sponji hata ikiwa bado kwenye pakiti, kwa hivyo ile iliyoning'inia dukani mwaka mzima chini ya bati inaweza kuwa imekufa kabla hujailipia. Angalia pia mahali ilipogundishwa. Ivute taratibu, mshono ukianza kuachana, irudishe.

Sponji ya godoro iliyokatwa kwa makasi msikubali kuwekewa, hata kwa siku moja. Matundu yake mengi yana utando ndani, hewa inapita kwa shida, piki inakuwa nzito na moshi mweusi unatoka. Ile ya chujio imetengenezwa ili matundu yawe wazi na yafanane. Ishike kwenye mwanga utaona tofauti mara moja.

Sasa ukingo. Ukiifungua eakilina iliyotumika, usikimbilie kuiosha. Tazama kwanza pale inapogusana na sanduku. Mkanda safi uliozunguka pande zote maana yake imebana. Ukiona michirizi myembamba ya vumbi imekatiza ule mkanda kutoka nje kwenda ndani, hapo ndipo hewa ilikuwa ikipenya. Halafu chukua kitambaa cheupe, kizungushe kwenye kidole, ufute ndani ya mpira unaokwenda kwenye kabureta. Oili kidogo ya kahawia si tatizo. Kitambaa kikikwaruza au kikitoka na chembe, vumbi limeshapita, na unatakiwa kujua njia yake kabla hujafunga chochote. Sababu ninazokutana nazo zaidi ni skrubu ya kifuniko iliyopotea, mpira wa ukingo uliokauka, klampu ya kabureta iliyolegea, na mpira wa kuingiza hewa wenye ufa chini, mahali macho hayafiki. Uminye na uukunje ndiyo ufa ufunguke.

Ukingo ukiwa safi na mpira mzima, paka grisi nyembamba kuzunguka pale panapobana. Grisi ya kawaida ya beringi inatosha, kiasi cha punje ya harage kwa mzunguko wote. Inaziba vimwanya na kunasa vumbi linalojaribu kupita. Silikoni ya kuzibia usiitie. Vipande vyake hukatika na kufyonzwa ndani, tena safari ijayo fundi atakivunja kifuniko akijaribu kukifungua.

Kuosha sponji: mafuta ya taa kwanza ikiwa ina oili nyingi, kisha maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza mpaka maji yatoke meupe. Iminye baina ya viganja viwili. Ukiikamua kwa kuisokota kama nguo, mshono unachanika. Petroli naikataa kabisa. Inalegeza gundi, inavimbisha sponji, na kuoshea petroli kwenye beseni kando ya barabara ni kuutafuta moto. Ianike kivulini penye upepo, kwa kuwa jua la mchana huifanya ikauke na kuvunjika. Wakati wa kusi na mvua za masika inachelewa sana kukauka, ndiyo maana nashauri uwe na sponji mbili: moja inafanya kazi, nyingine imeshakauka inasubiri. Kwa kawaida sponji moja haifikii bei ya lita ya oili, kwa hivyo ya akiba haiumizi.

Sponji kavu inazuia majani na kokoto, lakini unga laini inauachia. Oili ndiyo inayoukamata. Oili maalumu ya chujio ndiyo bora kwa sababu inanata na haichuruziki. Usipoipata, oili ya gia ya 80W-90 inafanya kazi vizuri. Kwa sponji ya ukubwa wa kiganja natumia kama mililita 15, nazipima kwa bomba la sindano. Tia ndani ya mfuko wa plastiki, weka sponji, iminyeminye mpaka rangi iwe moja kote bila madoa makavu, kisha ifinye kwa kitambaa kikavu. Ukiigusa kidole kiwe na unyevu, kisichuruzike. Oili ikizidi, hewa inapungua, plagi inakuwa nyeusi na mafuta yanaliwa bure.

Ukikuta sponji imelowa oili ambayo hukuitia wewe, usiilaumu sponji. Injini hupumulia kwenye sanduku la chujio kwa mpira mdogo, na oili ikijazwa kupita kiasi hupanda kwa njia hiyo. Hili ni la kawaida mno, kwa sababu watu humimina chupa nzima ya lita moja ilhali kitabu cha baadhi ya piki kinataka chini ya hapo wakati wa kubadilisha tu. Soma kiasi kwenye kitabu au pale kilipochapwa kwenye injini, subiri dakika chache injini itulie, piki isimame wima, ndipo upime. Vilevile chini ya sanduku kuna kimpira kilichozibwa mwisho wake. Kifungue kila sevisi umwage maji na oili iliyotulia humo, kisha ukizibe tena. Kikipotea, sanduku linavuta vumbi kutoka karibu kabisa na tairi.

Chujio la karatasi ni jepesi kulitunza kwa mtu asiyependa kuchafua mikono, na kwenye lami ya kisiwani linafanya kazi safi. Halioshwi. Ligonge taratibu, au lipulize kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, bomba likiwa mbali kidogo. Kompresa ya mtengeneza pancha ikisogezwa karibu inatoboa karatasi, na tundu hilo hulioni mpaka uweke tochi ya simu ndani gizani. Zipo pia karatasi zilizotiwa oili kiwandani. Hizo hata upepo usizipulize, muda ukifika unabadilisha. Tatizo langu na karatasi ni mvua. Ukipita kwenye maji yaliyosimama na sanduku likaingia maji, karatasi hulainika na kulegea pale kwenye ukingo, na hairudi kuwa ilivyokuwa. Sponji unaikamua, unaipaka oili, unaendelea.

Za pamba, zile koni zinazofungwa moja kwa moja kwenye kabureta baada ya kutoa sanduku, sizipendekezi kwa kazi ya hapa. Sauti inabadilika, ndiyo, lakini piki ya kabureta iliyopangiwa sanduku lake itapata hewa nyingi kuliko mafuta. Inachemka, inakohoa ukifungua mkono wa mafuta ghafla, na plagi inakuwa nyeupe. Itabidi ubadilishe jeti za kabureta, vile vitundu vya kupitishia petroli, na hata hapo mvua na mchanga vinaligonga chujio bila kizuizi. Kutoboa sanduku ili piki ipumue kunaleta shida ileile kwa bei nafuu.

Kabla ya kumruhusu fundi aguse skrubu ya hewa ya kabureta, hakikisha eakilina ni safi. Akiirekebisha piki ikiwa na chujio lililoziba, itatembea vizuri siku hiyo. Ukiosha chujio baadaye, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi kuliko mafuta, na utadhani umeharibu kitu kwa kuosha. Plagi ndiyo shahidi. Kahawia iliyofifia ni sawa. Masizi makavu meusi: hewa ni kidogo au choki imebaki imefungwa. Nyeupe: hewa imezidi, tafuta inapovuja. Ikiwa imelowa oili, uliza kuhusu ringi na mipira ya valvu. Pengo kwa injini nyingi za aina hii ni kama milimita 0.6 hadi 0.8, na kitabu cha piki yako ndicho mwamuzi.

Muda wa kuosha unategemea njia zako. Kama ni lami ya Tudor, Makupa na mjini, kila unapobadilisha oili inatosha. Kama unashinda kwenye barabara za mchanga wakati wa kaskazi, ifungue kila wiki, na siku ukipita nyuma ya malori mengi ya Changamwe na Miritini itazame hata kabla.

Kwenye oili ya injini naangalia alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha oili za pikipiki. Klachi ya piki inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, na oili za magari zenye maandishi ya Energy Conserving au Resource Conserving zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoweza kuifanya klachi iteleze: injini inapiga kelele, piki haiendi, hasa ukiwa na abiria unapanda daraja la Nyali. Kwa joto la hapa 20W-50 inakaa vizuri kwenye injini zilizoandikiwa hiyo. Iliyoandikiwa 10W-30 iachie 10W-30. Kila unapobadilisha, tazama pia washa ya boliti ya kumwagia; ikiwa imebonyea, weka mpya kabla haijaanza kudondosha. Chupa yenye kifuniko kilichokwishaguswa au lebo iliyobandikwa mshazari iache hapo hapo, bei iwe nzuri namna gani.

Cheni iliyo wazi usiipake grisi nzito. Grisi inashika mchanga na cheni inajisaga yenyewe pamoja na sproketi. Isugue kwa brashi na mafuta ya taa, ifute, kisha idondoshee oili ya gia upande wa ndani, pale roli zinapokutana na sproketi, huku ukizungusha gurudumu kwa mkono na injini ikiwa imezimwa. Iache ikae nusu saa, ufute ya juu. Anayevuka Likoni kila siku na kukanyaga maji ya chumvi kwenye ngazi ya feri amwagie cheni maji baridi ya bomba jioni, aikaushe, ndipo aitie oili. Oili juu ya chumvi inafunika kutu tu. Ulegevu uupime mahali cheni ilipokaza zaidi, maana cheni iliyochakaa haivutiki sawa kote. Piki nyingi ndogo zinataka milimita 20 hadi 30 juu na chini. Baada ya kurekebisha, hesabu alama za pande zote mbili za ekseli zilingane.

Kichujio cha petroli, kile cha plastiki kinachoonyesha ndani, kina mshale, uelekee kabureta. Ukiona maji yametulia chini yake baada ya mvua, angalia mpira wa kifuniko cha tenki, na fungua skrubu ya chini ya kabureta umwage yaliyomo kwenye chupa mpaka itoke petroli tupu.