Kwenye series za TV, thrila au mizimu?

Mi kwa kweli naegemea thrila. Cheki series inayoitwa 24, iliyoanza 2001, kila episodi ni saa moja ndani ya siku moja, saa inahesabu kwenye skrini halafu picha inagawanyika vipande unaona watu watatu wanne kwa mpigo na wewe umebana pumzi tu maana bomu halisubiri mtu.

Upande wa mizimu kuna Supernatural, 2005 hadi 2020, sizoni 15, episodi 327, ndugu wawili Sam na Dean wanawinda mapepo. Sizoni za mwanzo nazipenda mno! Chumvi inamwagwa mlangoni mzimu usipite, mifupa inafukuliwa inachomwa, yaani masharti unayajua na ndo yanatisha. Ila baadaye wale ndugu wanakufa wanarudi, wanakufa tena wanarudi, sasa hofu itoke wapi jamani?

Lakini mizimu inaishinda thrila kwenye kurudia. Thrila ukishajua msaliti ni nani utamu unapungua sana, wakati ile episodi ya kwanza ya Supernatural, mama yao Sam na Dean kabandikwa darini moto unawaka, bado naiangalia taa ikiwa imewashwa.