Nukta tisa, na redio inayochelewa: uzoefu wangu

Jina langu la hewani linaanza na 5H, kama la wanaredio wenzangu wa ridhaa wa Tanzania. Kwa Morse, alfabeti ya nukta na mistari, hizo ni nukta tano, kisha nukta nne, mstari hata mmoja hakuna. Ukitaka kujua kama redio inachelewesha sauti, itumie kutuma 5H.

Redio yenyewe ni kisanduku kidogo kisicho na kioo wala vitufe. Kuchuja na kutoa sauti ni kazi ya programu kwenye kompyuta. Kwa kusikiliza, sina neno. Steshini dhaifu naiona kwenye skrini hata kabla sijaisikia. Tabu ilikuja nilipoanza kutuma.

Nilichomeka pedo, kifaa cha kubana kwa vidole ili kutuma Morse, kwenye kompyuta kama mwongozo ulivyoonyesha. Natuma maneno 25 kwa dakika, na kwa kasi hiyo nukta moja ni milisekunde 48. Pedo ukiibana inatoa nukta mfululizo. Sikio ndilo linalokuambia uachie. Mlio ukichelewa kufika sikioni, kidole nacho kinachelewa: H ikawa 5, na 5 ikawa nukta sita, kitu ambacho hakipo. Bwana mmoja wa Italia aliniomba nirudie mara tatu, kisha akanyamaza. Nilikuwa natuma kama mlevi, na pombe sinywi.

Bafa ya sauti, yaani akiba ambayo kompyuta hujaza kabla ya kuitoa, ilikuwa imewekwa sampuli (vipande vidogo vya sauti) 2,048. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo peke yake ni milisekunde 43, karibu nukta nzima, bado hujagusa kichujio. Nikahamishia pedo na hedifoni kwenye matundu ya redio, ili mlio wa kutuma utengenezwe humo humo bila kupitia kompyuta. Kidole kikatulia siku hiyo hiyo. Mwongozo unayataja matundu hayo kwa sentensi moja, kurasa za mwisho!

Kupokea ni habari nyingine. Nilirekodi steshini moja kwa redio hii na ile yangu ya zamani, kila moja upande wake: mpya ilikuwa nyuma kwa milisekunde 190. Wimbi linatoka Japani hadi Dar es Salaam kwa milisekunde kama 40 tu, halafu linakuja kukwama mezani kwangu. Nikashusha bafa hadi 256, nikaachana na Wi-Fi nikavuta kebo, nikalegeza kichujio, maana kingo zake zikiwa kali sana kinalazimika kukusanya sampuli nyingi kabla ya kutoa chochote. Ikashuka hadi 70. Steshini jirani yenye nguvu sasa inanipenyea kidogo pembeni, naivumilia.

Ila kusikia katikati ya nukta zangu mwenyewe, kama kwa redio ya zamani, bado. Penye msongamano nimeshaanza kuita tena ndipo nasikia kumbe nilijibiwa. Siku hizo nawasha ile ya zamani.

Na programu ikijisasisha, bafa inarudi 2,048 yenyewe. Nimebandika karatasi chini ya skrini: BAFA.